Umeme Kutoka Zizini: Namna ya Kupima, Kujenga na Kuendesha Jenereta ya Biogesi Shambani

"Fundi, nina ng'ombe sita wa ndani. Watanipa umeme?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba jibu linatoka lenyewe: watakupa moto wa kupikia chai, ugali na maharage, na gesi ikibaki utapata umeme wa saa moja hivi. Ukitaka umeme wa kuendesha kitu cha maana shambani, mazungumzo yanaanzia ng'ombe ishirini na kuendelea, au shamba lenye masalia mengi yanayotoka kila siku: mkonge, mboga, maganda ya matunda.

Inawezekana, na imeshafanyika huku kwetu. Pale Hale, mkoani Tanga, mtambo wa majaribio wa kilowati 150 ulizinduliwa mwaka 2008 ukitumia masalia ya mkonge. Jani la mkonge likipita kwenye korona, mashine ya kutenganisha nyuzi, nyuzi zinazopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wake, au pungufu. Yanayobaki ni maji na makapi ambayo kwa miaka mingi yalitupwa hadi yakanuka. Naivasha, Kenya, kuna shamba la mboga lililojenga mtambo wa zaidi ya megawati 2 unaokula mabaki ya mboga na mabua. Hao ni wakubwa. Mwongozo huu ni wa mfugaji au mkulima wa kati, mwenye taka za kutosha lakini asiye na wahandisi wa kuajiri. Mfano wangu utakuwa shamba la ng'ombe 30 chotara wanaolishwa bandani.

Hatua ya kwanza: beba mzani, usibebe ndoto

Watu wengi huanza na jenereta. Wameiona mtandaoni, wamependa bei, wamenunua, halafu ndipo wanaenda kuhesabu ng'ombe. Fanya kinyume. Kwa siku saba mfululizo, pima kwa mzani kinyesi unachokusanya, yaani kile kinachofika kwenye toroli. Ng'ombe anayeshinda malishoni anaacha nusu au zaidi ya kinyesi chake huko alikokula, kile hakihesabiki. Chotara wa bandani atakupa kilo 12 hadi 20 kwa siku kulingana na mwili na chakula. Mimi hutumia 15.

Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa lita 35 hadi 40 za biogesi, yaani gesi inayotengenezwa na bakteria kinyesi kikioza bila hewa. Tumia 35, ili ukikosea ukosee upande salama. Kwa ng'ombe 30:

kilo 450 × lita 35 = lita 15,750, yaani kama mita za ujazo 16 kwa siku.

Taka nyingine zina tabia zake, na hapa ndipo watu wanapodanganyika:

Kinyesi cha kuku kina gesi nyingi kwa kilo, lakini kina naitrojeni nyingi vilevile. Ukikiweka peke yake, amonia itawachoma bakteria. Changanya na cha ng'ombe, kuku wawe sehemu ndogo.

Mabua ya mahindi yana nguvu kubwa ndani yake, ila hayaiachii upesi. Yakiingia mazima yanaelea juu, yanashikana, yanakauka na kutengeneza ukoko unaoziba gesi isitoke. Nimewahi kuitwa kwenye mtambo ambao mwenyewe alidhani umepasuka; tulipofungua tukakuta mkeka wa mabua mzito kiasi kwamba kuku angetembea juu yake. Yakate kwa mashine hadi urefu wa sentimita moja au mbili, yaloweke siku kadhaa kwenye tope lililotoka mtamboni, na kwenye mtambo wa kawaida usio na mashine ya kukoroga yasizidi sehemu moja kati ya kumi.

Pumba ngumu za mpunga, zile za maganda matupu, achana nazo kabisa. Zimejaa silika, madini kama ya mchanga, bakteria hawazigusi. Hizo ni za kuchoma.

Maganda ya matunda na mabaki ya jikoni yanachacha haraka mno. Ni mazuri kwa kiasi kidogo kila siku, ni sumu yakimwagwa toroli tano siku ya soko.

Migomba na makapi ya mkonge ni mazuri yakisagwa. Yana maji mengi, kwa hiyo unapunguza maji ya kuchanganyia.

Kanuni iliyo nyuma ya yote haya ni uwiano wa kaboni na naitrojeni: bakteria wanataka kaboni 20 hadi 30 kwa naitrojeni moja. Kinyesi cha ng'ombe kipo hapo tayari, ndiyo maana ndicho unga wa ugali huu na vingine vyote ni mboga.

Hatua ya pili: amua kama unataka umeme kweli

Mita moja ya ujazo ya biogesi ina nishati ya kama uniti 6. Jenereta ndogo inageuza robo au pungufu ya hiyo kuwa umeme. Iliyobaki inaondoka kama joto na moshi. Kwa mashine za kawaida za madukani kwetu hesabu uniti 1.3 kwa kila mita ya ujazo. Kwa hiyo mita 16 ni uniti 20 hivi kwa siku.

Sasa weka fedha mezani. Natumia bei za mfano; wewe weka za kwenu.

Ukizitumia zile mita 16 kupikia, zinachukua nafasi ya kama kilo 7 za gesi ya mtungi. Ikiwa mtungi wa kilo 15 ni shilingi 55,000, hiyo ni kama shilingi 26,000 kwa siku.

Ukizigeuza umeme mahali ambapo nguzo za TANESCO zimefika, na uniti unainunua kwa shilingi 350 na ushee, umeokoa kama shilingi 7,000.

Ukizigeuza umeme mahali pasipo nguzo, ambako leo unawasha jenereta ya petroli inayotoa uniti 2 kwa lita, umeokoa lita 10. Petroli ikiwa shilingi 3,000, ni shilingi 30,000.

Gesi ni ileile, ng'ombe ni walewale, na thamani inatofautiana mara nne. Ndiyo sababu nasema hivi bila kumung'unya maneno: kama umeme wa gridi uko mlangoni na kuna jiko kubwa karibu, la shule, hoteli au mama lishe aliye tayari kulipia, peleka gesi jikoni. Jenereta iwe kwa yule aliye mbali na nguzo, au mwenye gesi inayozidi mapishi yake yote, au ambaye umeme ukikatika anapoteza maziwa.

Familia yenyewe itatumia mita 2 kupikia. Zinabaki 14, sawa na uniti 18. Orodhesha mzigo wako. Kwenye shamba letu la mfano: kupoza maziwa lita 240, uniti 4. Pampu ya maji ya kilowati 1.5 kwa saa mbili, uniti 3. Mashine ya kukatia majani ya kilowati 3 kwa saa moja, uniti 3. Taa, simu na televisheni, uniti 2. Jumla 12. Inatosha, na kuna akiba ya siku ambayo ng'ombe wamekula vibaya.

Hatua ya tatu: ukubwa wa mtambo

Kinyesi kilo 450 na maji lita 450 ni kama lita 900 zinazoingia kila siku. Kwenye joto la pwani, tope likae ndani angalau siku 50. Zidisha: mita za ujazo 45. Ongeza nafasi ya gesi, unafika 60. Njombe, Mufindi au Kericho, ambako udongo ni baridi, ongeza siku ziwe 70 au zaidi, na ukubwa upande hivyohivyo.

Maji mengi haya yanatoka wapi? Lijibu hilo kabla ya kuchimba. Mkojo wa banda unasaidia, na maji ya kuoshea sakafu yanafaa mradi hayana sabuni.

Aina ya mtambo ni suala la mfuko. Kuba la matofali lililofukiwa ardhini, la mtindo ulioenezwa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana na teknolojia za kilimo cha Arusha, tangu miaka ya 1980, linadumu miaka ishirini na zaidi likijengwa na fundi anayejua plasta ya kuzuia gesi. Siyo kila fundi wa nyumba anaiweza. Muulize amejenga makuba mangapi na uende ukayaone. Mfuko wa plastiki ni rahisi na wa haraka, lakini jua, panya na mbuzi ni maadui zake. Kwa mita 60 mimi ningejenga makuba mawili ya 30: moja likileta shida, hulali gizani.

Hifadhi ya gesi ndiyo inayosahaulika. Jenereta itakula kwa saa chache asubuhi na jioni, ila gesi inazalishwa saa zote 24. Uwe na pa kuweka nusu ya gesi ya siku, yaani mita 8 hivi. Kuba likishindwa, ongeza mfuko wa gesi chini ya paa.

Hatua ya nne: kuuamsha mtambo

Jaza kinyesi kilichochanganywa na maji nusu kwa nusu, bila majani makavu, mchanga wala mawe. Ukipata ndoo kadhaa za tope kutoka mtambo wa jirani unaofanya kazi, mwaga ndani. Ni kama kianzio cha mtindi. Kisha subiri wiki tatu au nne, zaidi kwenye baridi.

Gesi ya kwanza haiwaki, ni kaboni dayoksaidi kwa wingi, na imechanganyika na hewa iliyokuwa ndani, kwa hiyo ni hatari kuijaribu kwa kiberiti. Ifungulie itoke nje mpaka kuba lijae upya, mara mbili hivi. Moto wa bluu uliotulia kwenye jiko ni dalili kwamba methani, ile gesi inayowaka, imepita nusu. Hapo ndipo unaanza kulisha kila siku, kidogo kidogo, ukipandisha hadi kipimo kamili kwa wiki mbili.

Mtambo ukianza kunuka uchachu na moto ukawa mwepesi, umeulisha kupita kiasi. Acha kulisha siku kadhaa. Karatasi ya kupimia pH, yaani kiwango cha uchachu, ikionyesha chini ya 6.5, weka maji ya chokaa kidogo kidogo. Bakteria wanapenda kati ya 6.8 na 7.5.

Na jambo hili liandike ukutani pa banda: siku ya kuogesha ng'ombe, maji ya dawa ya kupe yasiingie mtamboni. Vilevile kinyesi cha ng'ombe anayetibiwa kwa viuavijasumu kiweke kando. Mtambo wangu mwenyewe ulikufa hivyo. Kijana alisafisha banda vizuri sana, akasukuma kila kitu kwenye mfereji, dawa ikiwemo. Nilikaa wiki tano nikinunua mkaa huku nina tani za kinyesi.

Hatua ya tano: safisha gesi, la sivyo injini haitakuhurumia

Jiko linavumilia gesi chafu. Injini haivumilii. Maadui ni wawili.

Wa kwanza ni maji. Gesi inatoka mtamboni ikiwa na unyevu, inapoa bombani, inakuwa matone. Laza bomba lote kwa mteremko, na kila mahali linapoinama weka kikinga maji chenye koki ya kumwagia. Jenereta inayopiga chafya na kuzima kila baada ya dakika kadhaa, mara tisa kati ya kumi ina maji kwenye bomba, na mwenyewe anabadilisha plagi bure.

Wa pili ni salfa, ile harufu ya yai viza. Ikiungua pamoja na unyevu inakuwa asidi. Inakula beringi, bushi za shaba na kuiharibu oili. Chujio lake halina ufundi mkubwa: bomba la PVC la inchi 6, urefu wa mita moja, lililojazwa chembe za chuma kutoka kwa mafundi wa kukereza, zilizoloweshwa na kuachwa zipate kutu. Kutu ndiyo inayoikamata salfa. Steliwaya ya kusugulia sufuria inafaa pia, lakini ile inayopata kutu. Ile inayong'aa miaka yote haikusaidii kitu. Gesi iingie chini, itokee juu.

Tengeneza machujio mawili yenye koki, moja likifanya kazi jingine lipumzike. Ning'iniza kipande cha waya wa shaba uliosuguliwa baada ya chujio: ukigeuka mweusi haraka, chuma kimechoka. Ukikitoa, kitandaze nje kwenye bati, mbali na nyasi na banda, kwa sababu kikikutana na hewa kinapata moto chenyewe na kinaweza kuwaka. Baada ya siku moja au mbili kinarudi kuwa kutu na unaweza kukitumia tena mara chache.

Wapo wanaopuliza hewa kidogo ndani ya mtambo ili kuondoa salfa. Kwenye viwanda vikubwa vyenye vipimo, sawa. Kwenye kuba la shambani, kuingiza hewa mahali penye methani bila kipimo ni kuchezea baruti.

Hatua ya sita: injini

Njia ziko mbili.

Jenereta ya petroli ya mipigo minne, kamwe siyo ile ya kuchanganya oili na petroli. Kati ya chujio la hewa na kabureta unaweka kiungo cha T chenye koki ya kuzungusha taratibu. Unaiwasha kwa petroli, unafunga petroli, inapokaribia kuisha kwenye kabureta unafungua gesi polepole huku ukisikiliza mlio. Biogesi inataka hewa karibu mara sita ya ujazo wake. Usipoiweka sawa, injini itanguruma bila nguvu. Tarajia kupoteza robo hadi theluthi ya nguvu iliyoandikwa: ya kilowati 5 itakupa 3.5. Kwa shamba letu la mfano, lenye mashine ya kilowati 3 ambayo mota yake inavuta sana wakati wa kuanza, nunua ya 6 au 7.

Dizeli ndiyo ninayoipenda mimi. Ile injini ya silinda moja ya mashine ya kusaga, ambayo kila kijiji kina fundi wake, inaingiziwa gesi kwenye njia ya hewa. Dizeli inaendelea kuingia kwa kiasi kidogo, kwa sababu biogesi haijiwashi yenyewe kwa kubanwa, na gavana, kifaa kinachotunza mwendo wa injini, inapunguza dizeli kadiri gesi inavyoongezeka. Unaokoa asilimia 70 hadi 80 ya mafuta, na gesi ikiisha katikati ya kazi, mashine haizimi, inarudi kwenye dizeli. Kwa mtu ambaye maziwa yake yanasubiri, hilo ni kubwa kuliko kuokoa mafuta yote.

Yoyote utakayochagua, isukume kwa mzigo wa kutosha. Jenereta inayowasha taa tatu inakula gesi karibu sawa na inayovuta pampu. Panga kazi nzito zifuatane: asubuhi kwa muda wa saa mbili kupoza maziwa na pampu, jioni kwa muda wa saa mbili na nusu kukata majani na maziwa tena, na muda huohuo chaji betri za taa za usiku. Badilisha oili kila saa 50 mwanzoni. Ukiona haiharibiki haraka, sogeza taratibu hadi 100. Kabla ya kuzima, rudisha injini kwenye petroli au dizeli dakika tano ili gesi yenye salfa isilale ndani.

Kama injini yako inapozwa kwa maji, maji hayo yanatoka ya moto. Yatumie kuoshea vyombo vya maziwa, umeshayalipia.

Usalama

Hapa sitanii. Mtu asiingie ndani ya mtambo au shimo la tope, hata ukiwa mtupu, hata kwa dakika moja, hata kuokoa aliyeanguka. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyeruka kumsaidia wa kwanza. Gesi ya salfa ikiwa nyingi inaua pua kwanza. Unadhani harufu imekwisha kumbe imezidi.

Biogesi ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 6 hadi 12 inalipuka. Jenereta ikae kwenye kibanda kilicho wazi pande mbili, mbali na mfuko wa gesi, na moshi utoke nje. Viungo vya bomba vikague kwa povu la sabuni kila mwezi. Kwa kiberiti, usithubutu.

Sheria na waya

Tanzania, anayezalisha chini ya megawati 1 hahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na Kenya Sheria ya Nishati ya 2019 inamruhusu anayezalisha kwa matumizi yake hadi megawati 1 bila leseni. Ukitaka kuwauzia majirani, nenda ofisini ukaulize kabla ya kuvuta waya. Na kama nyumba ina umeme wa gridi pia, swichi ya kubadilishia ni lazima, ya kutenganisha kabisa. Bila hiyo, umeme wako unapanda kwenye nguzo na kumkuta fundi wa shirika akiwa juu, anaamini laini imezimwa.

Tope linalotoka

Kila siku zitatoka lita karibu 900, sawa na ulizoingiza. Naitrojeni yote bado imo, harufu imepungua, na mbegu nyingi za magugu zimekufa. Chimba mifereji kuelekea kwenye majani ya ng'ombe au migomba, au lihifadhi kwenye shimo lenye kivuli juu, maana jua linairusha naitrojeni. Usilimwage mtoni. Mfugaji mmoja niliyemjengea aliwahi kuniambia kwamba jenereta ikiharibika atavumilia, ila nikija kuchukua tope tutagombana: majani yake ya tembo sasa anayakata mapema kuliko zamani, na ng'ombe waliokuwa 22 wamefika 31. Mzani wake wa kinyesi bado anauning'iniza mlangoni, na kila Jumatatu anapima.